Maneno Manne Juu ya Beseni la Wali

Mimi ni mtu wa kujivuna, na sioni haya kusema hivyo. Nimezaa tisa, nimezika wawili, saba nimewasomesha kwa jembe. Wajukuu wangu wanajua kuwa bibi yao hajawahi kuomba chumvi kwa jirani. Lakini kuna siku moja Kasulu, miaka ya sabini, nilimharibia mwanamke mwenzangu riziki yake kwa maneno manne, kisha nikaenda kulala nimeshiba. Hiyo ndiyo nataka kuiandika. Shule niliacha darasa la pili, kuandika nilijifunza ukubwani katika kisomo cha watu wazima, na mtoto mgongoni. Kwa hiyo msinitafutie makosa ya herufi. Makosa nitakayowaonyesha ni makubwa kuliko hayo.

Wakati huo nilikaa Kumsenga, upande wa Kibondo, na mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa ameolewa Kasulu mjini. Kazi yake ilikuwa kutwanga karanga. Si za kuuza sokoni, za hoteli. Kulikuwa na hoteli moja nyuma ya soko, nyumba ya tofali mbichi na bati, na mwenye hoteli alikuwa mjane aliyetoka nchi inayoitwa Mali. Mimi nilidhani Mali ni kijiji cha nyuma ya Usumbura. Kumbe ni mbali, huko jua linakozama, mtu anasafiri miezi. Mumewe alikuwa fundi wa kudarizi kanzu. Walikaa Buyenzi, mtaa wa Usumbura, miaka mingi, ule mwaka watu wengi walipovuka kutoka Burundi nao wakavuka, mume akafa kwa homa Kasulu hapo hapo. Mke akabaki na sufuria zake. Akaanza kupika chakula cha kwao, wali na mchuzi mzito wa karanga, na watu wetu wakaukubali, maana karanga ni zetu na mawese ni yetu, yeye alijua tu kuviunganisha.

Mdogo wangu alikuwa akinitumia salamu, kila salamu ina mchuzi huo ndani yake. "Dada, njoo uonje. Dada, ukila huo utasahau dagaa." Nikajibu kwamba dagaa sijawahi kuwasahau na sina haja ya kuwasahau. Lakini mavuno ya karanga yalipotoka nikapata gunia moja zuri, nikalipakia kwenye lori la chumvi lililokuwa likirudi tupu kwenye ghala la mjini, nikaketi juu ya gunia langu hadi Kasulu. Dereva alikuwa mtu wa maneno. Njia nzima alipiga kelele dirishani, anatania wanawake wa kila kijiji.

Mwenye hoteli aliposikia nimefika akamwambia mdogo wangu, "Mlete dada yako kesho mchana. Hatakula kama mteja. Atakula kama mgeni wangu."

Mgeni wangu. Shikeni hilo neno.

Nilivaa kanga zangu mpya. Nataka mjue kwamba sikuwahi kula hotelini. Kwetu sisi mwanamke mzima hafungui mdomo wake mbele ya wanaume asiowajua akatafuna. Mama yangu alikula akiwa ameupa mlango mgongo hadi alipokufa. Lakini mdogo wangu alishakuwa mtu wa mjini, akanishika mkono, tukaingia. Chumba kimoja, mikeka miwili chini. Mkeka wa kwanza wanaume, nao walikuwa wanne au watano, na kati yao yule yule dereva wa chumvi, na mzee fundi cherehani wa Ujiji mwenye kofia ya kiua. Mkeka wa pili tukaketi mimi na mdogo wangu. Kati yetu na wao hapana hata pazia.

Mwenye hoteli akaja. Mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, kilemba kikubwa, gauni pana kama hema. Nikampigia makofi kwa heshima tunavyosalimiana sisi, naye akajaribu kuyajibu, akakosea, akacheka. Nikampenda. Hilo nalo naliandika, nilimpenda.

Akaweka beseni la enameli mbele yetu. Wali mweupe chini, mchuzi mwekundu juu yake, nyama katikati, kabichi nzima nzima na viazi vitamu pembeni. Harufu yake iliniingia mpaka magotini. Mdogo wangu akanifundisha kwa sauti ya chini, "Unakula upande wako tu, dada. Nyama usiiguse, mwenyewe ndiye huigawa."

Basi nikatia mkono. Ugali wa muhogo mimi naumega kwa macho yaliyofumbwa. Wali ule, jamani! Nafanya tonge, linafumuka. Nafanya jingine, nusu kwenye kanga mpya, nusu kidevuni. Mchuzi ukanishuka mkononi hadi kiwiko.

Dereva akaona. Angekosaje kuona?

"Mama wa Kumsenga," akaita, "wali haukamatwi kama kuku! Utaukimbiza mpaka saa ngapi?"

Wanaume wakacheka. Mwingine akasema, "Mleteeni jembe."

Mdogo wangu naye akacheka kidogo, kwa pua. Nilimsikia.

Mwenye hoteli akatoka jikoni mbio kidogo, akachuchumaa kando yangu. Hakucheka yeye. Akanawa, akatia vidole vyake kwenye beseni upande wangu, akafinyanga tonge zuri la mviringo, akamega nyama akaipachika juu, akaliweka mbele yangu. Halafu la pili. Mdogo wangu aliniambia baadaye kwamba kwao mgeni wa heshima hufanyiwa hivyo. Mimi niliona nini? Niliona nalishwa kama mtoto aliyeachishwa ziwa, mbele ya wanaume, na kidevu changu kina mchuzi. Uso ukaniwaka.

Hapo sasa nieleze desturi yetu, maana miaka mingi nimejificha nyuma yake. Kwetu Buha mtu akikukaribisha pombe, yeye huvuta mrija kwanza, mbele ya macho yako, ndipo akupe. Akikupa chakula na hamjuani vizuri, anaonja kwanza. Hapo ameondoa shaka, amekuambia hamna kitu humu. Asiyeonja anakutukana, au anakuua. Hakuna mtoto wa Buha asiyelijua hilo. Yeye hakuonja. Ni kweli hakuonja. Basi kila nilipohadithia habari hii nilisema: nilidai haki yangu ya mgeni.

Uongo. Nilikuwa nimeshakula matonge mawili yaliyofumuka kabla ya kukumbuka desturi. Ningekuwa na hofu ya sumu ningeyala? Nilikumbuka desturi walipocheka. Nilitafuta fimbo, na hiyo ndiyo iliyokuwa karibu.

Nikarudisha mkono, nikasema kwa sauti ya kuita ng'ombe:

"Mbona wewe mwenyewe huli?"

Kicheko kikakatika. Mikono ya wanaume ikasimama juu ya beseni lao, kwa sababu na wao ni watu wa huku, na swali hilo wote wanalijua lilikozaliwa.

Yeye hakulijua. Akatabasamu. "Mimi baadaye, dada. Kula."

"Baadaye lini? Onja sasa, nikuone."

Mdogo wangu akanifinya paja. Nikamsukuma mkono.

"Leo sili," akasema mwenye hoteli.

Dereva akaingilia. "Jana pia sikukuona ukila, mama. Mimi nilikuwa hapa jana."

"Nimefunga," akasema, polepole.

"Umefunga nini?" Dereva akacheka. "Ramadhani iliisha zamani! Mimi si Mwislamu, lakini Idi nilikula pilau kwa watu, naijua."

Na mimi, mwerevu wa Kumsenga, nikanyoosha kidole changu chenye mchuzi hadi kwa fundi cherehani. "Na huyu mwenye kofia? Si wa dini yako? Mbona yeye anakula?"

Mzee wa Ujiji akainamisha macho kwenye mkeka. "Mama," akasema, "mwache mwenzio."

"Nimwache kwani nimemshika? Au na wewe umo?"

Mwenye hoteli alisimama pale na mikono inadondosha mchuzi. Akamtazama mdogo wangu, akautazama mlango, akafungua mdomo akaufunga. Uso wake ule wa kung'aa ukafifia kama mtu amepuliza majivu juu yake. Mimi nikasema moyoni, nimemshika. Mtu asiye na neno ana jambo.

Dereva akainuka. Nusu ya beseni ilikuwa tumboni mwake, lakini akatoka nje, tukamsikia anatema, anakohoa, anajitia kidole. Wa pili akamfuata.

Ndipo yule mama akaketi. Aliketi kwenye mkeka wetu, kati yangu na mdogo wangu. Akasema maneno kidogo kwa lugha ya dini yake, midomo tu. Akachukua lile tonge alilonifinyangia, akala. Akachukua upande wangu, akala. Upande wa mdogo wangu, akala. Akaomba maji, akanywa kikombe kizima wote tukimwangalia koo. Kisha akanigeukia.

"Umeona. Haya, kula, dada. Chakula kinapoa."

Nikala! Ndiyo. Nilikula mpaka enameli ikaonekana, maua mekundu ya chini nikayaona. Nilijiona nimeshinda. Wali ulinitii siku hiyo hata vidole vyangu vikashangaa. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile tangu nizaliwe, na kila nikikumbuka utamu wake najichukia upya.

Njiani mdogo wangu alitembea mbele yangu. Tulipofika kwake akafunga mlango, akaweka mgongo kwenye mlango.

"Unajua umemlisha nini?"

"Nimemlisha chakula chake mwenyewe."

"Umemfungulisha. Alikuwa anafunga kweli."

"Ramadhani imekwisha, hata dereva..."

"Dereva!" Akanipigia kelele, mdogo wangu ambaye nilimbeba mgongoni. "Dereva ana mimba? Dereva anaingia mwezini? Wanawake wao Ramadhani ikiwakuta wako mwezini hawafungi. Zile siku wanazilipa baadaye, moja moja. Alikuwa na saba. Leo ya tano. Sasa ungetaka aseme nini mbele ya wanaume wale? Ungesema wewe? Simama hapo uniambie, wewe ungesema?"

Nikakaa chini juu ya kinu chake.

Ningesema mimi? Mimi ambaye vitambaa vyangu nilifua kisimani kabla kuku hawajashuka, nikavianika chini ya majani ya migomba ili hata mume wangu asijue? Fundi wa Ujiji alielewa, mtu mzima mwenye mke. Naye akanyamaza kumsitiri. Na angeweza kudanganya yule mama, angesema ni sunna, wapo wanaofunga siku za kawaida kwa kutaka tu. Hakudanganya. Alishindwa kudanganya na akashindwa kusema, basi akala.

Mdogo wangu akasema, "Twende sasa hivi ukamwombe radhi."

Nikasema kesho.

Kesho yake lori la chumvi likapiga honi mapema, limepakia magunia tayari kwa Kibondo. Nikapanda. Nilijiambia, watoto wangu wananisubiri. Walikuwa wananisubiri, hilo si uongo, lakini si hilo lililonipandisha.

Mnadhani hapo ndipo aibu yangu ilipo. Subirini.

Lori likasimama Makere kuteremsha chumvi. Wakaja wanunuzi, dereva kaegemea mlango, na habari yake tayari ameiva nayo. "Kasulu nimeponea chupuchupu! Yule mama wa Mali, amewekewa chakula chake mwenyewe akagoma kula. Mpaka alazimishwe! Nimetapika mpaka nyongo. Kama mnadhani natania, muulizeni huyo mama juu ya magunia, yeye ndiye aliyemgundua."

Nyuso zote zikaniinukia. Wanawake wenye vibuyu, wanaume, mwalimu mmoja mwenye baiskeli. Niko juu yao, kama padri mimbarani. Ukweli nilikuwa nao mdomoni, ulikuwa na siku moja tu, wa moto. Ningesema, "Si kweli, mama yule amefunga." Wangeuliza funga gani. Na mimi ningejibu nini mbele ya mwalimu mwenye baiskeli?

Nikasema, "Mimi nilikula na sijafa bado. Lakini ngojeni nifike Kumsenga, huenda sumu yake inasafiri polepole!"

Wakacheka mpaka wakashikana. Dereva akapiga bodi ya lori kwa furaha. Waliponicheka Kasulu niliumia, waliponichekea Makere nikanenepa. Hiyo ndiyo aibu yangu, ya juu ya magunia.

Lori la chumvi linasimama kila mahali. Miezi miwili haikuisha, mdogo wangu akanitumia salamu, na mara hii hapakuwa na mchuzi ndani yake. "Kinu changu kimelala." Maneno hayo tu.

Mvua za kwanza zilipopita nikaenda. Nilibeba maharage mapya debe zima. Nilimkuta mdogo wangu anapalilia shamba la mtu. Hakuniuliza habari za watoto. Akasema, "Yupo," akaendelea kulima.

Nikaenda peke yangu. Hoteli ilikuwa wazi, mikeka imetandikwa yote miwili, imefagiliwa. Mtu hakuna. Yeye alikuwa ameketi jikoni mbele ya sufuria ndogo, ndogo kama ya kupikia uji wa mgonjwa. Nikapiga magoti mlangoni, nikapiga makofi, nikamwambia yote. Niliyoyajua na niliyoyasema Makere. Sikupunguza, maana nilipofika hapo nilikuwa nimechoka kujibeba.

Alinisikiliza huku anakoroga. Kisha akaniambia niinuke, sakafu ni mbichi.

"Siku ile niliilipa tena," akasema. "Iliyobaki ni ya Mungu, na Mungu anajua nilivyobanwa." Akaelekeza mwiko kule kwenye mikeka mitupu. "Hiyo hapo siwezi kuilipa mimi, dada. Hiyo ni ya kwako na watu wako."

Akapakua. Beseni lile lile la maua mekundu, chakula kidogo katikati kama kisiwa. Nikasema, "Leo naanza mimi." Nikatia mkono kabla hajaketi, nikala. Sikumtazama mikono yake, sikumtazama mdomo wake. Wali ukafumuka kwenye vidole vyangu vile vile kama mara ya kwanza. Nililipa kwa kula, mbele ya kuta. Watu niliotakiwa wanione walikuwa sokoni, hatua mia moja kutoka pale, siku ya soko, nasikia kelele zao.

Nikamwambia, "Naenda sasa hivi kuwaambia."

Akanitazama. Alitandika vizuri pembe ya mkeka kwa mguu, kama mtu anayengoja wageni.

Nikaenda. Nawaambia kweli, nilitembea kwa miguu yenye nguvu. Soko lilijaa. Nilikuta penye chumvi kundi la wanaume wanapakua magunia, na yule dereva katikati yao. Akaniona. "Ee, mama wa Kumsenga! Bado u hai? Sumu haijafika?"

Wakanigeukia wote. Nikafungua mdomo. Maneno yalikuwa mafupi: mama yule alikuwa analipa funga ya siku zake za mwezini. Nikaona macho ya wanaume. Nikajiona nimesimama katikati ya soko nataja damu. Na kitu kile kile kilichomfunga mdomo yule mama siku ile, haya ya mwanamke, kikanifunga na mimi. Ila yeye aliponyamaza alipoteza hoteli. Mimi nilinyamaza na sikupoteza kitu.

"Nipimie chumvi," nikasema.

Yule mama aliondoka Kasulu kabla ya Ramadhani iliyofuata, akaenda Ujiji, nasikia huko alipata watu wa kumwelewa. Mdogo wangu alinisamehe mapema, yeye ana moyo huo. Kinu chake bado anacho.

Sasa mimi ni mzee, haya ya namna ile imenitoka kama meno. Naweza kulitaja neno hilo mbele ya mwalimu, mbele ya padri, mbele ya dereva yeyote wa lori. Juzi nimewaambia wajukuu wangu wote, wa kike na wa kiume, mezani, wavulana wakainamisha vichwa na mmoja akasema, "Bibi, basi." Nikamwambia sikomi. Alikuwa analipa funga ya siku zake za mwezini, na chakula chake hakikuwa na kitu ila karanga alizotwanga mdogo wangu. Nimelisema tena hapa. Soko lilikuwa limejaa siku ile, na mimi nikarudi nyumbani na chumvi.